Shingo Iliyokaza na Vidonge vya Kila Alfajiri: Uchambuzi wa Kisa cha Ukandaji kwa Mtu Aliyelemewa na Msongo

Usuli

Mhusika wa kisa hiki ni mwanamke mwenye umri wa miaka 40 na ushei, mtunza hesabu ambaye karibu saa zote za kazi huwa ameketi mbele ya kompyuta. Jina, mahali na kila jambo linaloweza kumtambulisha vimeondolewa, naye hapa ataitwa mteja. Alimwendea mkandaji mwenye mafunzo rasmi, anayefanya kazi katika kituo kimoja na mtaalamu wa tiba ya viungo, akiwa na malalamiko ambayo kwake yalikuwa kitu kimoja: shingo na mabega yaliyokaza, maumivu ya kichwa yanayobana pande zote mbili kama mkanda uliofungwa kuzunguka paji la uso, na usingizi unaokatika usiku wa manane. Hali hiyo ilikuwa imedumu kwa zaidi ya mwaka mmoja, na ilizidi tangu mama yake mzazi alipougua akawa anahudumiwa nyumbani. Mteja mwenyewe aliliita tatizo lake msongo, na alitarajia kwamba kukandwa kungemwondolea msongo huo pamoja na kile alichokiita sumu zilizojikusanya kwenye misuli.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaweka pamoja mambo mawili ambayo watu hupenda kuyatenganisha. Ukandaji ulimsaidia kweli mtu huyu. Hata hivyo, ungeachwa peke yake, ungeweza kumchelewesha kwa miezi mingi kupata tiba aliyoihitaji.

Mahojiano ya kwanza

Kabla ya kumpandisha mteja kitandani, mkandaji alitumia karibu nusu saa kumuuliza maswali, na ya mwanzo yalilenga kutambua kama kulikuwa na jambo linalokataza ukandaji au linalodai daktari kwanza. Maumivu ya kichwa yanayozuka ghafla kwa ukali ambao mtu hajawahi kuupata, yanayoambatana na homa na shingo isiyoweza kuinama, yanayofuatana na udhaifu wa upande mmoja wa mwili au macho kupoteza nuru ghafla, au yanayoanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50, yote hayo ni ya kupelekwa hospitali na si ya kukandwa. Aliuliza pia kuhusu uvimbe na maumivu ya mguu mmoja, kwa kuwa bonge la damu lililoganda katika mshipa wa ndani wa mguu linaweza kung'oka likikandwa na kukimbilia mapafuni. Na aliuliza kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo humfanya mtu avilie damu kirahisi hata kwa mgandamizo wa kawaida. Hakukuwa na lolote kati ya hayo.

Kilichojitokeza ni shinikizo la damu. Kipimo cha kwanza kilisoma 152/96, na baada ya mteja kuketi kwa utulivu dakika 10 kilisoma 146/92. Hakuwahi kuambiwa kwamba ana tatizo hilo. Kiwango hicho hakikuwa cha dharura, lakini kilivuka 140/90, mpaka ambao madaktari wengi huutumia kusema kwamba mtu ana shinikizo la juu endapo vipimo vya siku tofauti vitathibitisha. Mkandaji aliamua kuendelea na kikao kwa mikono myepesi na wakati huohuo kumwandikia mteja barua ya kwenda kwa daktari ndani ya wiki hiyo. Shinikizo huweza kushuka kwa muda mtu anapokandwa, na namba nzuri iliyopimwa akiwa bado amelala kitandani ingewadanganya wote wawili. Kwa sababu hiyo kipimo cha baada ya kikao hakikutumiwa kuamua lolote.

Swali moja lilijibiwa kijuujuu. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa dawa anazotumia mteja, naye akaandika kwamba humeza dawa za maumivu "nikizidiwa". Jibu hilo liliachwa lilivyo, na athari yake itaonekana mbele.

Mpango na sababu zake

Mkandaji alipendekeza vikao viwili kwa wiki, kila kimoja cha dakika 60, kwa muda wa wiki 4, kisha hali itazamwe upya. Mteja alikuwa amezoea kufikiri kwamba nusu saa mara moja kwa mwezi inatosha, hivyo alihitaji kuelezwa kwa nini anaombwa muda mwingi kiasi hicho. Sababu ilikuwa utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Karen Sherman pamoja na wenzake nchini Marekani, uliolinganisha vipimo mbalimbali vya ukandaji kwa watu wenye maumivu sugu ya shingo. Waliokandwa dakika 30, hata mara 3 kwa wiki, hawakutofautiana kwa uhakika na wale waliokuwa bado wanasubiri zamu yao, ilhali waliokandwa dakika 60 mara 2 au 3 kwa wiki walipata nafuu iliyo wazi. Ukandaji una kipimo chake kama dawa nyingine yoyote, na kwa bahati mbaya wengi hupewa kipimo kidogo mno, kisha wakaamini kwamba haukuwafaa.

Kila kikao kilianza mteja akiwa amelala kifudifudi, kwa mikono mirefu ya polepole kutoka kiunoni hadi mabegani, kabla ya kukanda misuli mipana inayounganisha mabega na shingo. Kisha aligeuka chali, na kazi ikahamia kwenye misuli midogo iliyo chini ya kisogo, ambayo mara nyingi huwa na maumivu kwa watu wenye kichwa cha aina hii, na kwenye misuli ya taya kwa nje, kwa kuwa alikiri kwamba husaga meno usingizini. Sehemu ya mbele na ubavuni mwa shingo, inamopita mishipa mikubwa ya damu iendayo kichwani, haikubonyezwa. Mteja alifundishwa kutaja nguvu ya mikono kwa namba kuanzia 0 hadi 10, na makubaliano yalikuwa kutovuka 6.

Mwendo wa mikono nao ulipangwa kwa makusudi. Katika ngozi yenye vinyweleo mna nyuzi za neva ambazo huitikia vizuri zaidi mguso mwepesi unaosafiri kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, tena wa mkono wenye joto la kawaida la ngozi. Taarifa zake hufika katika maeneo ya ubongo yanayoshughulika na hisia za ndani na utulivu. Mkono unaokimbia huzikosa nyuzi hizo.

Jambo la mwisho katika mpango lilikuwa daftari. Kila jioni mteja alitakiwa kuandika ukali wa maumivu ya kichwa na ya shingo kwa namba, saa alizolala, jina na idadi ya dawa zozote alizomeza, na tukio moja au mawili ya siku hiyo.

Wiki mbili za mwanzo

Usiku wa kikao cha kwanza mteja alilala bila kuamka, jambo ambalo kwa maelezo yake lilikuwa halijatokea kwa muda mrefu. Kikao cha pili kilikwenda vivyo hivyo. Katika cha tatu aliomba zaidi: "Bonyeza kwa nguvu, mimi nisiposikia maumivu sioni kama nimetibiwa." Mkandaji alikubali, na nguvu ikafika 8. Siku mbili zilizofuata bega la kulia lilikuwa na alama ya kuvilia damu, shingo haikugeuka vizuri, na daftari likaonyesha kichwa kibaya kuliko siku zote za wiki hiyo.

Kilichotokea kinaeleweka. Mwili unaoumizwa hujilinda: mtu hushika pumzi, mabega hupanda kuelekea masikioni, vidole vya miguu hujikunja, na msuli uliokuwa ulegee hukaza zaidi. Alama hizo zote zilionekana katika kikao cha tatu. Kuanzia cha nne mkandaji alirudi kwenye makubaliano ya awali, akaongeza kanuni kwamba pumzi ya mteja ikikatika, mikono hupungua nguvu papo hapo, hata kama mdomo unasema iendelee. Alitumia pia nafasi hiyo kuzungumzia suala la sumu, kwa sababu ndilo lililokuwa nyuma ya ombi la nguvu. Utafiti wa mwaka 2012 uliochunguza misuli ya watu waliokandwa baada ya mazoezi makali uliona dalili za kupungua kwa uvimbe ndani ya msuli, lakini haukuona kwamba ukandaji umeondoa asidi ya laktiki, ambayo msuli huizalisha unapofanya kazi kwa nguvu na ambayo mara nyingi ndiyo hutajwa kuwa sumu hiyo. Mtu hapati nafuu kwa sababu kitu kichafu kimekamuliwa kutoka mwilini mwake, na akilielewa hilo huacha kutaka kukamuliwa.

Lililofichuliwa na daftari

Mwishoni mwa wiki ya tatu mkandaji na mteja walikaa na daftari mezani. Kulikuwa na mpangilio ambao hakuna aliyeutarajia. Baada ya kila kikao, isipokuwa kile cha tatu, kichwa kilitulia kwa siku moja au moja na nusu, kisha kilirudi, na mara nyingi kilirudi alfajiri, kabla ya kazi na kabla ya jambo lolote la kumtia mtu wasiwasi. Katika siku 21, siku 17 zilikuwa na maumivu ya kichwa, na katika siku 16 kati ya hizo mteja alimeza ama ibuprofeni ama vidonge vya parasetamoli vilivyochanganywa na kafeini. Yeye mwenyewe alishangaa, maana kila siku aliyomeza kidonge, kwa hesabu yake, kweli alikuwa amezidiwa.

Dawa za maumivu zikimezwa mara nyingi mno huanza zenyewe kuzalisha maumivu ya kichwa. Mipaka inayotumiwa na madaktari ni siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa dawa za kawaida, na siku 10 au zaidi kwa zile zenye mchanganyiko, kwa zaidi ya miezi 3 mfululizo, kwa mtu ambaye tayari alikuwa na maradhi ya kichwa. Mkandaji hana mamlaka ya kutambua ugonjwa huo, na hakulitamka jina lake kama hukumu. Aliomba ridhaa ya mteja, akanakili kurasa za daftari, na kuzituma kwa daktari aliyekuwa tayari anafuatilia shinikizo la damu.

Daktari huyo naye alikuwa hajaelezwa kuhusu vidonge. Alikuwa amemwagiza mteja ajipime nyumbani asubuhi na jioni, na vipimo vilikuwa vikionyesha kwamba shinikizo liko juu kidogo karibu kila siku. Sasa picha ilikamilika: ibuprofeni na dawa za jamii yake zinaweza kupandisha shinikizo la damu, hasa zinapotumiwa mfululizo. Uamuzi wa daktari ulikuwa kusitisha dawa zote hizo kwa utaratibu alioupanga, na kusubiri wiki kadhaa kabla ya kuamua kama mteja anahitaji dawa ya shinikizo.

Kipindi cha kuacha dawa

Mtu anayeacha vidonge vya namna hii kwa kawaida huumwa zaidi kabla ya kupona, kwa siku chache hadi kama siku 10. Mteja alionywa, lakini siku ya tatu alipiga simu kutaka kufuta kikao kwa kuwa hakuweza hata kuvumilia mwanga. Mkandaji hakumsihi aje kwa dakika 60. Alimpa kikao cha dakika 30, chumba kikiwa na giza hafifu, mteja akiwa amelala ubavu, na mikono ikabaki mgongoni na mabegani bila kugusa kichwa kabisa. Lengo lilitamkwa wazi: kikao hiki hakikusudii kuondoa maumivu ya kichwa, kinakusudia kukusaidia uyapitie.

Katika kikao kilichofuata mteja alianza kulia. Mkandaji alituliza mikono bila kuiondoa ghafla, akamfunika vizuri, akauliza kama angependa waendelee au wapumzike. Hakumuuliza analia nini. Baada ya muda mteja mwenyewe alisema kwamba tangu mama yake augue hakuna mtu aliyemgusa kwa nia ya kumhudumia yeye, na kwamba kila mkono uliomfikia ulikuwa unaomba kitu. Mkandaji alisikiliza, akamaliza kikao kwa muda uliopangwa, na alipokuwa anaagana naye akampa taarifa za mshauri nasaha. Hakujaribu kuwa mshauri huyo. Naona uamuzi huu una uzito sawa na ule wa kumpeleka kwa daktari, kwa sababu mtu aliyelala bila nguo za kawaida, macho yamefumbwa, huwa wazi kwa namna ambayo maswali ya ndani yanaweza kumuumiza hata yakiulizwa kwa upendo.

Matokeo

Baada ya wiki 12 hali ilikuwa hivi. Katika wiki 4 za mwisho siku zenye maumivu ya kichwa zilikuwa 8, na ukali wake ulipungua. Maumivu ya shingo, yaliyoanzia 7 kati ya 10, yalikuwa yakizunguka 3. Mteja aliamka usiku mara moja au mbili kwa wiki, tofauti na awali alipoamka karibu kila usiku. Vipimo vya nyumbani vya shinikizo vilikuwa na wastani wa 128/82 bila dawa, na daktari aliamua kuendelea kufuatilia. Vikao vilipunguzwa taratibu hadi kimoja kila baada ya wiki 2.

Kusaga meno hakukubadilika hata kidogo. Wiki ya kufunga hesabu za ofisi ilimrudishia maumivu kwa siku 3 mfululizo, ingawa safari hii aliyavuka bila kidonge.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema kwamba ukandaji ulimponya mteja huyu, na ni rahisi pia kusema kwamba kilichomponya ni kuacha vidonge. Kuhusu maumivu ya kichwa na shinikizo la damu, naamini sehemu kubwa ya nafuu ilitokana na kuacha dawa, kwa sababu namba zilianza kushuka kwa uthabiti baada ya hapo tu. Nafuu ya shingo, kwa upande mwingine, ilianza wiki ya kwanza na ikaendelea hata katika siku ambazo kichwa kilikuwa kibaya zaidi, hivyo ni haki kuihusisha na mikono. Usingizi uko katikati, na haiwezekani kuugawa.

Kuhusu msongo wenyewe, ushahidi wa jumla unafaa kusomwa kwa makini. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2004 na Christopher Moyer na wenzake, uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ulionyesha kwamba hata kikao kimoja hupunguza wasiwasi wa wakati huo, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na kwamba vikao vya mfululizo hupunguza wasiwasi wa kudumu na huzuni kwa kiwango kinachokaribia kile cha tiba ya mazungumzo. Mwaka 2011 Moyer na wenzake walirudi kwenye dai maarufu kwamba ukandaji hushusha sana kortisoli, homoni ambayo mwili huitoa ukiwa katika msongo, wakakuta kwamba athari hiyo ni ndogo mno, na katika hali nyingi haitofautiani na sifuri. Mteja akielezwa hivyo hapotezi kitu. Wasiwasi wake unapungua kweli. Maelezo ya homoni moja ndiyo yasiyosimama. Mkandaji anayejua tofauti hiyo hana haja ya kuahidi yasiyo na msingi ili kazi yake iheshimiwe.

Mchango mkubwa wa ukandaji katika kisa hiki, kwa maoni yangu, ulionekana katika kipindi cha kuacha dawa. Watu wengi hushindwa hapo kwa sababu maumivu yanaongezeka na mkono unarudi kwenye kidonge. Mteja huyu alikuwa na mahali pa kwenda mara mbili kwa wiki ambapo mwili wake ulipata saa ya utulivu isiyotoka kwenye pakiti, na alikuwa na mtu aliyemweleza mapema kitakachotokea. Hilo halipimwi kwa namba za daftari, lakini bila hilo sidhani kama zile siku 10 zingepita.

Daftari ndilo lililofungua kisa chote. Kosa la fomu lilikuwa kuuliza dawa zipi, bila kuuliza siku ngapi. Swali la aina ya "katika siku 30 zilizopita, ni siku ngapi ulimeza dawa yoyote ya maumivu, hata moja?" lingeleta jibu siku ya kwanza na kuokoa wiki 3, na lingemfikia daktari katika barua ya kwanza badala ya ya pili. Kikao cha tatu nacho kilikuwa na gharama: mteja alipoteza siku mbili kwa maumivu yaliyoweza kuepukwa, na sababu ilikuwa makubaliano ya nguvu kuvunjwa mara ya kwanza yalipojaribiwa. Mteja ana haki ya kuomba mikono ilegee wakati wowote. Kuomba iongezwe kupita mpaka uliokubaliwa ni jambo la kujadiliwa akiwa ameketi na amevaa, kabla ya kikao kinachofuata.

Msongo wenyewe haukupimwa popote. Palikuwa na namba za maumivu, usingizi na shinikizo, lakini hakuna dodoso la kupima msongo lililojazwa mwanzoni na mwishoni, kwa hiyo kauli ya mteja kwamba "nimepata pumzi" inabaki kauli yake, yenye thamani lakini isiyolinganishwa na chochote.

Pengo ambalo lingezibwa kwa urahisi kuliko mengine linahusu mtaalamu wa tiba ya viungo. Alikuwa chumba cha pili, na alishirikishwa wiki ya sita. Alipomwona mteja alirekebisha kimo cha kioo cha kompyuta na kiti, akampa mazoezi mafupi ya kuimarisha misuli ya shingo na mabega, na akamfundisha kuinuka kila baada ya nusu saa. Tangu hapo nafuu ya shingo baada ya kikao ilidumu siku 4 hadi 5, na hiyo ndiyo iliyowezesha vikao kupunguzwa. Suala la taya alilipeleka kwa daktari wa meno, ambaye wakati wa kuandikwa kwa uchambuzi huu alikuwa anamtengenezea mteja kinga ya meno ya kuvaa usiku.